Safari ya walimu kule Taebaek

Kwetu, kama mkubwa wa kazi anakuita siku ya tano na kukuambia ya kama kesho mutasafiri wote pamoja, unajiuliza kwanza ni nani amekufa. Huko Korea ya Kusini si vile. Kule safari ya watu wa kazi moja ni kazi sawa kazi ingine, na hakuna mtu anayekuuliza kama unapenda kwenda ao hapana. Unaona karatasi juu ya meza yako: siku fulani, saa fulani, uvae viatu vya kupanda mlima. Njo mwisho.

Hii ilikuwa mwaka 2018, mwezi wa kumi. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari si mbali na Seoul. Nilifika Korea kwa masomo ya juu, nikajifunza lugha yao kwa taabu (hata leo wanacheka namna ninavyohesabu), kisha nikapata ile kazi. Katika shule nzima nilikuwa mtu mweusi mmoja tu. Watoto walinizoea katika juma moja. Wakubwa walikawia kidogo.

Ile karatasi ilisema tunaenda Taebaek. Niliposoma jina nilishituka, sababu nilijua ni mji wa namna gani. Ni mji wa makala ya mawe. Ni watu wa shimo.

Sasa ni lazima niwaambie uongo niliosema, la sivyo hamtaelewa yote inayofuata.

Wakorea wanapokutana na mtu mpya wanamuuliza mara moja: una miaka mingapi? Si kukosa adabu. Katika lugha yao huwezi kuzungumza vizuri na mtu kama haujui nani ni mkubwa, nani ni mdogo. Kisha wanauliza kama umeoa, na baba anafanya kazi gani. Katika juma langu la kwanza walimu walinipeleka kula, na perefe wa shule akaniuliza mbele ya watu wote: baba yako anafanya nini? Nikaona mashati yao meupe. Nikajibu: «Baba yangu ni injenia wa migodi.» Wote wakatikisa kichwa kwa heshima. Neno likabaki vile.

Lakini baba yangu hakuwa injenia. Alikuwa mtu wa mashini ya kutoboa mawe, chini, miaka 24. Alipanda na kushuka na sirena, akala posho ya kompani, akatusomesha sisi sita. Mwaka 2003 kompani ilirudisha watu nyumbani kwa maelfu, naye akarudi na bahasha moja na kikohozi. Injenia alimwona kwa mbali, amevaa kofia nyeupe.

Mwaka ule wa 2018 nilikuwa miezi mitano bila kumpigia telefone. Sikuwa na furanga ya kutuma, na mtoto aliye Ulaya ao Asia anayepiga telefone bila kutuma kitu anajua namna anavyosikia haya. Nilisema moyoni: nitapiga mwezi kesho. Na mwezi kesho vilevile.

Tukaondoka siku ya tano nyuma ya saa sita, sababu watoto walikuwa wamemaliza mitihani. Bisi mbili. Mbele ya kutoka tu mama mmoja mwalimu wa hesabu alikuwa anapita na mifuko: mayi ya kuchemsha, machungwa madogo, wali uliovingirishwa ndani ya majani ya baharini, na ngisi wa kukauka mwenye harufu kama bitoyo vya kwetu. Wakorea hawawezi kusafiri na tumbo tupu. Mimi pia siwezi, kwa ile tulipatana.

Tulipofika katika milima walitoa mikro. Ndiyo, ndani ya bisi kuna mikro! Kila mtu aimbe. Perefe aliimba, mwalimu wa michezo aliimba vibaya sana wakampigia makofi zaidi, kisha wakanigeukia. Nilijaribu «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco, yule wa kwetu wa gitari. Lakini «Masanga» bila gitari ni bukari bila mboga. Niliimba vile vile, na vidole vyangu vikicheza hewani. Walipenda. Sijui walipenda nini.

Mtu mmoja tu hakuimba. Alikuwa gyogam, yaani msaidizi wa perefe, kama direkta wa masomo kwetu. Mtu wa miaka karibu 60, mwembamba, wa maneno machache. Huko hawamuiti mtu kwa jina lake, wanamuita kwa kazi yake. Nami nitamuita hivyo. Alikuwa anatazama dirishani.

Tuliingia Taebaek giza likianza. Ni mji wa juu katika milima, baridi inakamata masikio. Majani ya miti yalikuwa mekundu na ya manjano, mazuri kabisa, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa. Katika miaka ya 1980 mji ule ulikuwa na watu zaidi ya 100.000. Leo hawafiki hata 40.000. Mwaka 1989 serikali ya Korea ilianza mpango wa kufunga mashimo ya makala, sababu watu walikuwa wanahamia petroli na gazi. Inchi ilikuwa na mashimo zaidi ya 300. Katika miaka michache tu karibu yote yalifungwa. Msomaji wa Kolwezi ao Likasi hana lazima nimfasirie namna mji unavyofanana wakati kazi imekwisha. Nilijua zile duka zenye rideau ya chuma chini. Nilijua wale wazee wanaokaa mbele ya nyumba bila kungoja kitu.

Tulikula katika chumba kimoja kirefu, tumekaa chini, viatu mlangoni. Chakula cha Taebaek ni kuku katika sufuria kubwa ya maji ya pilipili, na majani na mikate myembamba ya unga ndani. Zamani watu wa shimo walikula ile, sababu koo lao lilikuwa kavu na lilitaka supu. Na pombe yao. Kama mkubwa anakumiminia unashika kikombe na mikono mbili, na unapokunywa unageuza uso pembeni. Baba yangu angependa ile desturi.

Ni pale gyogam alianza kusema. Mwalimu mmoja kijana alikuwa amecheka ya kama mji huu hauna hata sinema. Gyogam akaweka kikombe chini akasema: «Mimi nilizaliwa hapa. Cheolam. Baba yangu alikuwa mtu wa shimo.»

Watu wakanyamaza. Walimu waliofanya naye kazi miaka kumi hawakujua!

Akaeleza polepole. Alisema ya kama katika nyumba za watu wa shimo mama hakupakua wali mara nne, sababu kwa Kikorea neno la nne linafanana na neno la kifo. Panya wa chini hawauawi. Watu waliwatupia kipande cha chakula, sababu panya akikimbia, nawe ukimbie. Siku ya mshahara walikula nyama ya ngulube yenye mafuta, wakiamini mafuta yanaosha mavumbi kooni. Na viatu. Baba akiingia nyumbani na kuvua viatu, mama aliviweka vikitazama ndani ya nyumba, visitazame inje. Ni kusudi mwenyewe arudi kila mara. «Hata leo», alisema gyogam, «bibi yangu akigeuza viatu vyangu vitazame inje, ninavirudisha.»

Nikakumbuka mama yetu. Yeye hakufagia nyumba mpaka baba amefika kazini. Sikuwahi kumuuliza juu ya nini.

Kisha gyogam akanigeukia, akanimiminia. Akaniuliza: «Mwalimu, baba yako ni injenia wa migodi. Kwenu Kongo mainjenia wanashuka chini pamoja na watu?»

Ilikuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema: «Mara mara wanashuka.»

Akatikisa kichwa. Nami nikageuza uso pembeni, nikakunywa. Ile ndiyo mara ya pili, na ile inanichoma kuliko ya kwanza. Ya kwanza nilikuwa mgeni, niliogopa. Ya pili mtu alikuwa amejifungua mbele yangu, nami nikajifunga.

Tulilala wanaume kumi na wawili katika chumba kimoja, juu ya sakafu yenye kupashwa moto kutoka chini. Wakorea wanalala vile tangu zamani. Zamani zile sakafu zilipashwa na makala ya mawe yenye kusagwa na kufanywa kama tofali la mviringo lenye matundu. Moshi wake hauonekani na hauna harufu. Uliua jamaa nzima usiku, wazazi na watoto, sakafu ikiwa imepasuka kidogo tu. Wale waliopona waliwanywesha maji ya mboga zao za kuchachuka, sababu dawa ingine haikuwako nyumbani. Mama wa kwetu mnaoingiza mbabula ndani ya chumba wakati wa baridi ya mwezi wa sita, ni ule ule moshi. Mimi sikulala usingizi mzuri. Si juu ya moshi.

Siku ya posho asubuhi tulikwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu ya makala, chini ya mlima Taebaek. Waliifungua mwaka 1997. Juu wanaonyesha mawe, taa, kofia, mashini, karatasi za mishahara. Kisha unaingia katika sanduku la chuma kama la shimo, linatetemeka, taa zinapita, na unaamini unashuka mbali sana. Mlango unafunguka, ni giza, na kuna watu wa sanamu: huyu anapiga jiwe, huyu anasukuma mti wa kushikiza dari, hawa wanakula chakula cha sanduku wakiwa wamechuchumaa, nyuso nyeusi, meno meupe. Fasi moja dari inafanya sawa inataka kuanguka: kelele, mtetemeko, vumbi.

Walimu vijana walipiga kelele, kisha wakacheka, wakapiga picha. Siwalaumu. Ni mchezo, wamelipia.

Lakini miguu yangu ilikataa kuendelea. Miaka 24 baba alikuwa ndani ya ile, na mimi sikuwahi kuona hata picha. Alikuwa anarudi, ananawa, anakula, anatuuliza masomo. Nilijua baba wa nyumbani tu. Yule wa chini nilimkutana pale Korea, sanamu ya plastiki yenye macho madogo ya Kikorea.

Gyogam alikuwa nyuma yangu. Nikamuambia bila kumtazama: «Gyogam, baba yangu si injenia. Alikuwa mtoboaji. Niliwadanganya.»

Nilingoja aseme jambo juu ya uongo. Hakusema. Aliuliza: «Anakohoa?»

«Ndiyo.»

«Analala akilala ao akikaa?»

Sikujua. Ndiyo jibu nililopaswa kumpa: sijui baba yangu analala namna gani.

Akanieleza wakati tunapanda. Mavumbi ya mawe yanaingia ndani ya mapafu na hayatoki. Mapafu yanakuwa magumu. Mtu anaweza kuacha kazi miaka kumi, na ugonjwa unaendelea kutembea ndani yake. Mwishoni hawezi kulala chali, anakaa usiku kucha kama mtu anayengoja treni. Korea walifanya sheria juu ya ugonjwa ule mwaka 1984, na watu wa shimo wanapimwa kifua na kupata matunzo. Baba yake alikaa hospitali miaka minane, katika chumba cha watu wa namna moja, na kila asubuhi walihesabu vitanda. «Lakini kitanda alikipata», alisema. «Muambie baba yako apige radio ya kifua.»

Nilisikia wivu, naandika kweli. Wivu wa kitanda cha mgonjwa.

Tukapanda bado kilima kimoja mjini, ambapo kuna mnara wa mwaka 1975 wa kukumbuka watu waliokufa katika mashimo. Majina ni maelfu. Gyogam alisimama, akainama. Hakuna aliyemfuata isipokuwa yule kijana wa sinema. Akainama naye, kisha akatazama viatu vyake.

Wakati wa kurudi bisi ilipita Gohan na Sabuk. Sabuk ndiyo fasi watu wa shimo waliamka mwezi wa ine 1980 juu ya mshahara na juu ya mkubwa wa sindika yao aliyekula na wakubwa. Waliokamatwa waliteswa. Mwaka 1995, mashimo yakifungwa, watu wa hapo walitoka tena barabarani kuuliza watakula nini. Serikali ikawapa sheria ya kuwasaidia, na matunda ya sheria ile ni kasino iliyofunguliwa mwaka 2000. Ni kasino moja tu katika Korea yote ambamo Wakorea wenyewe wanaruhusiwa kucheza. Unaona hoteli kubwa juu ya mlima, na chini barabarani duka juu ya duka za kukopesha furanga kwa rehani: saa, mikufu, hata motokari zimesimama pale zinangoja mwenyewe arudi. Niliuliza kama ile ni kazi ao ni shimo lingine. Mama wa hesabu alicheka sana. Gyogam hakucheka.

Mwalimu wa muziki alisema mjomba wake alichimba makala Ujerumani. Nilishangaa, lakini ni kweli: tangu 1963 mpaka 1977 Wakorea karibu 8.000 walikwenda kule kuchimba, na wanawake wao wengi kama wauguzi. Basi ile inchi ya matelefone na magari ilituma kwanza watoto wake katika mashimo ya wengine.

Tulisimama njiani kwa kunywa kahawa. Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni, huko kwetu saa ine ya asubuhi. Nikaenda nyuma ya bisi nikapiga telefone.

«Njo weye?»

«Njo miye, papa.»

«Tulisema umekufa.»

«Hapana, papa. Nilikuwa na mambo mingi.»

«Mambo mingi ya miezi tano.» Akakohoa. «Haya, sema.»

«Leo tulienda fasi ya shimo. Ya makala ya mawe.»

Sauti yake ikabadilika mara moja. «Sawa kule Luena? Banashikizaka na mbao ao na chuma?»

«Zamani na mbao. Kisha na chuma.»

«Mbao ni muzuri. Mbao inalia mbele ya kuvunjika. Chuma haikuambie kitu.»

Aliuliza urefu wa shimo, aliuliza maji, aliuliza kama wanatumia mashini ya hewa. Nilikuwa na majibu machache. Miaka yote ile hakuna mtoto wake aliyekuwa amemuuliza kitu juu ya kazi, na sasa yeye ndiye aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mji wake.

«Papa, unalala je?»

«Ninalala.»

«Unalala ukilala, ao ukiikala?»

Akanyamaza. «Nani alikuambia?»

«Muntu moja wa huku.»

«Ni munganga?»

«Hapana. Ni mutoto wa muntu wa shimo.»

«Aa.» Kisha polepole: «Ninaikala. Tangu Noeli njo ninaikala. Mama yako anawekaka mito tatu.»

Nikamuambia apige radio, nitatuma furanga, hata ya kukopa. Na sababu bisi ilikuwa inapiga honi, nikamalizia na ile ingine: «Papa, huku niliambia batu ya kama uko injenia.»

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikaogopa. «Injenia! Ungebaambia kapita, ningeitika.»

Alipiga radio mwanzo wa 2019. Dokta alimuonyesha alama nyeupe katika mapafu yote mawili, akamwandikia jina: silikoze. Dawa ya kuondoa haiko. Alipewa ya kupunguza, akaambiwa aache mbabula na tumbako. Kaka yangu alikwenda na karatasi ile katika ofisi moja. Wakamuomba karatasi ingine, ya kuhakikisha ya kama baba alifanya kazi chini, si juu. Ile haikupatikana. Kadi ya kazi iko, tarehe ziko, lakini neno «chini» halikuandikwa. Mama anaziweka zote katika bati la biskuti.

Baba yangu alikufa mwaka 2021, akiwa amekaa. Mimi nilikuwa Korea, na njia zilikuwa zimefungwa sababu ya korona.

Gyogam aliacha kazi kwa uzee, akarudi upande wa milima. Mwezi wa sita 2024 walifunga shimo la Jangseong, kubwa la Taebaek. Alinitumia picha ya mlango wake, na maneno mawili tu chini: wamefunga leo. Nikamuandikia ya kama nasikitika. Nyuma ya muda kidogo akaandika tena: baba yako analala namna gani sasa?

Miaka mitatu ilikuwa imepita na sikuwa nimemuambia. Nikakaa na telefone mkononi. Kisha nikamuandikia.